Clemens Angekuwa Mwadui

Ushirombo,
27 Novemba 1983

Mdogo wangu Scolastika,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Melania anakusalimu. Klara amefanya mtihani wa darasa la saba na tunangoja matokeo. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yameshaota, na pamba tutapanda wiki ijayo jirani yetu Bujiku akituazima jembe lake la ng'ombe. Baba yuko vile vile tangu kiharusi cha mwezi wa saba. Upande wa kulia haujarudi, maneno yanatoka moja moja, ila chakula anakula na akili yake ni timamu. Msalimu shemeji Felician na mtoto.

Najua umekasirika kwa kuwa tulimzika mdogo wetu Clemens bila wewe. Jumapili, siku moja kabla ya maziko, nilimpa dereva wa lori maneno ya telegramu ayapeleke posta Kahama. Kama yalikufikia baada ya siku tisa, hilo si langu. Mwili haukuwa wa kukaa.

Ilikuwa hivi. Ijumaa tarehe 4 mvua ilinyesha kutwa kule machimboni, mbele ya Katoro. Jumamosi asubuhi wachimbaji wote walikubaliana duara, yaani shimo la kuchimbia, liachwe likauke, maana matimba yanayozuia udongo yalikuwa yameanza kulia. Clemens akasema ameacha nyundo chini, anaingia mara moja kuichukua. Bujiku ndiye aliyekuwa juu ameshika kamba. Anasema alisikia kama gunia la karanga linamwagwa, kisha kamba ikawa nyepesi. Walifukua mpaka saa tisa alasiri.

Watu hapa kila mmoja ana lake. Angesubiri siku moja. Angeazima nyundo ya mwingine. Nisikilize mimi niliyesoma falsafa miaka mitatu seminari kabla sijatoka. Hakuna "ange". Udongo ulilegea kwa sababu ya mvua, mvua ilikuja kwa sababu zake, na Clemens aliingia kwa sababu alikuwa Clemens, mtu asiyeweza kuacha chombo chake. Irudishe dunia mpaka Ijumaa ile, kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, na Clemens atashuka tena na udongo utaanguka tena. Haiwezekani vingine. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta mtu wa kumlaumu. Hayupo.

Ni mimi kaka yako,
Telesphori Mabula


Shinyanga,
19 Desemba 1983

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Barua yako imenifikia Jumatano. Felician hajambo, yuko zamu kiwanda cha pamba na anarudi amejaa nyuzi mpaka kwenye nyusi. Mtoto alipata surua, amepona. Sabuni imeadimika mjini, wodini tunafua mashuka kwa majivu. Krismasi sitakuja. Mpe wifi Melania pole na kazi, na Baba mwambie namuombea.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeandika mvua, udongo, matimba na nyundo. Jambo moja hukuandika. Clemens alikwenda kutafuta nini kule?

Mwezi wa sita alilala hapa kwangu siku mbili akitokea Mwadui. Alikuwa amefanya majaribio ya ufundi kwenye karakana ya magari ya mgodi. Mikono yake ilikuwa bado ina grisi, hataki kunawa, ananionyesha kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. "Dada, nimefungua injini mbele yao nikaifunga, ikawaka kwa mara ya kwanza. Wameniambia nikangoje barua." Nikamuuliza barua itafikia wapi. Akasema, "Nimewapa sanduku la posta la shule ya kaka."

Barua hiyo ilikuja au haikuja? Nijibu kwa neno moja.

Na hiyo falsafa yako. Mimi ni muuguzi. Kila asubuhi nachemsha sindano kabla ya kumchoma mtu. Nisipozichemsha, mgonjwa ataota jipu. Nikizichemsha, hataota. Yote mawili yanawezekana, na ndiyo maana naamka saa kumi na moja kuwasha moto. Wewe mwenyewe unawachapa watoto wanaochelewa namba ya asubuhi. Unawachapia nini, ikiwa hawakuweza kuwahi?

Mimi Scolastika


Ushirombo,
15 Januari 1984

Scolastika,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Klara hakuchaguliwa kwenda sekondari, na mama yake amelia siku mbili. Mvua zimezidi, palizi inatushinda. Nimechimba choo kipya kwa kuwa kile cha zamani kilibomoka.

Baba kila akigeuzwa anasema, "Huyu si Clemens." Hakuna neno lingine analolitamka wazi kama hilo. Clemens ndiye aliyekuwa akimuosha na kumgeuza tangu augue, na alijua namna ya kumshika begani asiumie. Sasa ni mimi na Melania. Wewe uko mjini, hujui kazi ya kumgeuza mtu mzima mara nne kwa siku halafu ukasimame mbele ya watoto tisini. Mgongo wangu umekwisha. Jambo hilo ningependa ulipime kabla ya kuniandikia kama karani wa mahakama.

Umeuliza habari ya fimbo. Simchapi mtoto kwa kuwa jana angeweza kuwahi. Jana imekwisha na haikuwa na njia nyingine. Namchapa ili fimbo iwe sababu mpya, na kesho awahi. Ukifikiri vizuri utaona kwamba hata sindano zako ni hivyo hivyo. Unaamka saa kumi na moja kwa sababu ulifundishwa hivyo na mwalimu wako aliyefundishwa na mwingine. Hukuchagua. Unadhani unachagua kwa sababu huoni kamba inayokuvuta.

Kuhusu barua za watu, shuleni huja barua nyingi, na mimi si mtu wa posta.

Clemens aliondoka hapa mwishoni mwa mwezi wa kumi kwa miguu yake mwenyewe. Hakufukuzwa na mtu.

Telesphori


Shinyanga,
3 Machi 1984

Telesphori,

Shikamoo sikuandikii. Nyumbani kwangu wote wazima, na hiyo ndiyo habari yote ya familia utakayoipata leo.

Nilikuuliza swali la neno moja ukanijibu kwa choo na palizi. Kwa hiyo Jumanne nilipokuwa na mapumziko nilipanda gari la mizigo nikaenda Mwadui mwenyewe. Getini walinizuia saa mbili. Nilisimama na sare yangu ya kazi mpaka askari akachoka kuniangalia, akatuma mtu amwite fundi mkuu wa karakana. Akaja mzee mmoja anaitwa Masele, amevaa ovaroli, anatembea haraka. Nikamwambia mimi ni dada yake Clemens Mabula wa Ushirombo.

Akaniuliza, "Kwa nini huyo kijana alitudharau?"

Nikamwambia sielewi.

"Tulimwita. Barua ilitoka hapa tarehe 25 mwezi wa saba, aripoti Jumatatu tarehe 5 Septemba. Mimi mwenyewe ndiye niliyemchagua katika vijana kumi na wanane. Nikamwekea nafasi wiki tatu zaidi, nikiwaambia wakubwa labda kuna msiba kwao. Hakuja, wala hakuandika. Tukamwajiri mwingine. Sasa yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kaburini. Mzee yule alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mkono wake ulikuwa mwepesi sana." Nami sikuweza kumweleza kwamba aliyewadharau si Clemens.

Kabla ya kuandika nimeisoma tena barua yako ya Januari. Ile sehemu ya kumgeuza Baba mara nne kwa siku. Uliandika mwenyewe, kwa mkono wako, sababu. Barua ilifika shuleni, ukaiona, ukapiga hesabu ya mgongo wako. Clemens akiajiriwa Mwadui, nani atamuosha Baba? Ukanyamaza. Mtoto akangoja, akaona hakuna anayemtaka, akaenda machimboni. Ulimnyima barua ili umweke nyumbani, na nyumbani hakukaa.

Ulisema fimbo ni sababu mpya. Basi hii ndiyo fimbo yangu, nyoosha mkono uipokee. Umemuua.

Scolastika


Ushirombo,
8 Aprili 1984

Kwa Scolastika,

Baba amepata kidonda mgongoni. Melania anakisafisha kwa maji ya chumvi. Mahindi tumevuna, si mengi. Nakuandikia habari hizi kwa kuwa Baba ni wako pia, ingawa kwa miezi tisa hujamwona kwa macho.

Barua ya Mwadui ilifika. Ilikuwa tarehe 12 Agosti, Ijumaa. Ilikaa kabatini. Nilidhani itakaa wiki moja, mpaka Baba aweze kuketi. Baba hakuketi. Ikaja wiki ya pili, na Melania alikuwa anatapika kwa malaria, na pamba ilikuwa haijapelekwa sokoni. Kisha tarehe ikapita, na barua ambayo tarehe yake imepita ni karatasi tu. Ukiweka mambo hayo yote pamoja, kiharusi, malaria, pamba, na mtu wa tabia yangu niliyezaliwa nayo bila kuiomba, kingetoka nini kingine? Hakuna. Mtu mwingine angekuwa mahali pangu, angekuwa mimi, na angefanya hivyo hivyo.

Hayo ni yangu. Sasa soma ya kwako.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua iliyofika hapa tarehe 11 Novemba, siku nne baada ya maziko, ikiwa na jina la Clemens. Niliifungua. Mwandiko ni wako, tarehe ni 20 Oktoba. Unamjibu barua aliyokuandikia katikati ya Septemba, akikuomba aje kukaa kwako Shinyanga ili afuate mwenyewe habari za Mwadui. Naona umemjibu baada ya wiki tano. Naona umemwambia, "Usije, nyumba ni ndogo na Felician hapendi."

Bujiku alinieleza kwamba kule machimboni Clemens alisema, "Nilimwandikia dada nikangoja zaidi ya mwezi. Naye amenyamaza kama Mwadui." Nilikuwa na maneno hayo tangu siku ya maziko. Sikukuandikia. Nilikuonea huruma, na wewe umeniita muuaji.

Kwa hiyo chagua. Ikiwa ningeweza kufanya vingine, nawe ungeweza, na damu ni yetu wote wawili. Ikiwa ni kama ninavyosema mimi, kwamba hakuna aliyeweza kufanya vingine, basi wewe huna kosa, nami sina, na tunaweza kukaa meza moja tena. Mimi nimekufungulia mlango. Pita au baki nje.

Telesphori


Shinyanga,
6 Mei 1984

Telesphori,

Barua yangu nimeipata. Sikujua kwamba hakuisoma. Kwa miezi sita nimekuwa nikimwona Clemens akiisoma barua ile, kisha anaikunja, kisha anachukua jembe na kwenda Katoro. Kumbe hakupata hata hayo. Alipata kimya. Sijui lipi ni baya zaidi.

Ulikuwa na barua hiyo tangu Novemba, ukaitunza mpaka siku utakayoihitaji. Usiniambie habari ya huruma.

Sasa nitakueleza, na utaona kwamba mimi sijifichi nyuma ya malaria ya mtu. Barua ya Clemens ililetwa wodini siku ya Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mwaka huo tulikuwa tumekaa na mpwa wa Felician, kisha shangazi yake, kisha watoto wa shangazi. Nilikuwa nimechoka kupika chungu kikubwa. Nilitaka nyumba yangu. Nikaiweka barua kwenye mfuko wa sare, nikaifua pamoja na sare, nikaianika, nikaisoma tena. Kila siku nilisema nitajibu kesho. Na Felician hakukataa. Nilimsingizia. Sikumuuliza kabisa, kwa sababu nilijua angesema, "Mlete kijana, atalala sebuleni." Angesema hivyo bila hata kuacha kula.

Wiki iliyopita nilimwambia Felician yote. Amekaa siku tatu bila kusema nami.

Kwa hiyo nimechagua. Mlango wako siupiti. Karatasi nilikuwa nayo, kalamu nilikuwa nayo, posta iko hatua mia mbili kutoka wodini. Neno "njoo" lina herufi nne. Ningeweza kuliandika Alhamisi ile ile, na Clemens angekuja, na angekwenda Mwadui, na yule mzee Masele angempa ovaroli. Ukiniambia kwamba sikuweza, unanifanya kama mbuzi aliyekanyaga mtoto. Mimi si mbuzi. Niliweza, nikakataa. Nataka kubaki na hilo, hata kama litanila maisha yangu yote, kwa sababu ukiliondoa hilo, Clemens anakuwa mtu aliyeangukiwa na udongo tu, na mimi na wewe tunakuwa udongo.

Nimepata likizo. Nitapanda treni Alhamisi tarehe 21 Juni, nishuke Isaka, nitafute gari la Kahama mpaka Ushirombo. Nitakaa mbele ya Baba na kumweleza yangu. Kisha nitamweleza yako, ikiwa utakuwa hujamweleza mwenyewe. Una wiki sita.

Usinijibu kwa falsafa. Nitaichoma bila kuifungua.

Scolastika


Ushirombo,
10 Juni 1984

Scolastika,

Baba anaendelea kula. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Melania anakusalimu, na anasema hana jambo lingine la kukuambia kwa sasa, mpaka mwonane.

Nimemwambia Baba jana, Jumamosi. Tulikuwa tumemtoa nje, amelazwa kwenye ngozi apate jua la asubuhi. Melania alikuwa anapepeta mchele, Bujiku alikuwa amekuja kuchukua jembe lake. Sikuwaambia waondoke. Nilitaka wasikie mara moja nisirudie.

Najua umesema nisikuandikie falsafa, lakini nakueleza kilichotokea. Nilianza nayo. Nilimweleza Baba kwa Kisukuma, kwa mifano ya ng'ombe na mvua, namna jambo linavyozaliwa na jambo, mpaka nikafika kwenye barua. Nikamwambia ilifika, na kwamba kwa hali ilivyokuwa nyumbani Clemens asingeweza kwenda, na mimi nisingeweza kumpa. Nilizungumza muda mrefu. Melania aliacha kupepeta. Bujiku alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika mpini wa jembe kama kwamba ataanguka akiuachia.

Baba aliniacha nimalize. Kisha akauliza, neno moja moja, na mate yakimtoka upande ule uliokufa:

"Barua. Uliiweka. Wapi?"

Nikasema, "Kabatini, shuleni."

"Ulifunga?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Kwa ufunguo."

Akanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu nilipotoka seminari na kurudi nyumbani na sanduku langu.

"Ulifungia nini," akasema, "kama hakuweza kwenda?"

Nimefundisha miaka kumi na minne. Nimewashinda kwa maneno mapadri wawili na katibu wa tarafa. Lakini nimekaa na swali hilo tangu jana asubuhi, nikaenda nalo kanisani leo, nimerudi nalo.

Baba alifumba macho. Ulipofika wakati wa kumgeuza nilisogea kumshika begani, akanisukuma kwa ule mkono wa kushoto. Sikujua bado una nguvu hivyo. Akamwita Bujiku. Tangu jana ni Bujiku na Melania wanaomgeuza, na mimi naambiwa nikae nje.

Utakapofika Isaka, Bujiku atakuwa stesheni. Usinitafute mimi. Baba anajua tarehe unayokuja, na amesema anataka akusikie wewe kabla hujaonana nami. Sijamwambia lolote la kwako. Hilo utalibeba mwenyewe, kama ulivyotaka.

Sikuombi tukae meza moja. Ila uliniuliza swali la neno moja mwezi wa kumi na mbili na nikakuandikia habari za choo. Kuanzia tarehe 12 Agosti mpaka tarehe 5 Septemba ni siku ishirini na nne. Ukitoa Jumapili, kila asubuhi nilifungua kabati lile kutoa chaki, nikaiona bahasha, nikalifunga. Clemens alikuwa nyumbani, mwendo wa dakika kumi. Siku yoyote kati ya hizo ningeweza.

Telesphori